Weka Mezani Unachotia Machoni

Siku ya kuniaga, pale kitengo cha macho Lodwar, kila aliyesimama kuzungumza alinitakia mapumziko mema ya macho yangu. Nilikula keki yao. Macho yangu hayajawahi kupumzika na sikumbuki kama yaliwahi kuniomba ruhusa. Ni vijana wawili wanaoketi sasa kwenye kiti changu waliosema la maana. Walinivuta kando wakasema, "Sista Arot, tuandikie vile kazi ilikuwa." Basi naandika. Mambo ya vyeo na mishahara mtayakuta kwenye faili langu, kama panya hawajalila. Hapa naweka yale ambayo faili halina.

Nilizaliwa Kalokol, mtoto wa nne wa mama aliyeuza samaki wakavu. Tangu utotoni nilikuwa nikitazama vitu kichwa kikiwa upande na kope nimezibana. Mwalimu wa darasa la tatu alisema nina dharau. Shangazi yangu alisema shingo yangu imerogwa. Hakuna aliyesema nina macho mabovu, kwa sababu mbuzi akiwa mbali niliweza kusema ni wa boma gani. Mbuzi ana rangi na ana mwendo. Herufi haina mwendo, na hapo ndipo nilipoumia miaka yote ya shule.

Niliajiriwa kitengo cha macho kama karani wa kuandikisha wagonjwa. Siku ya kwanza, kufika saa nne asubuhi, nilikuwa nimeshachanganya kadi. Tatu niliisoma nane, sita niliisoma tano. Mama mmoja kutoka Namoruputh, aliyekuja kwa sababu kope zilikuwa zimepinda zikimchoma macho, aliitwa kwa kadi ya mzee aliyesubiri kufanyiwa upasuaji, na wote wawili walikuwa na sauti kubwa. Muuguzi mkuu alitaka nirudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Aliyenizuia mlangoni ni Mzee Barasa, mpimaji wa miwani, mtu wa Bungoma aliyekuja Turkana kwa mkataba wa mwaka mmoja akakaa kumi na tisa. Alisimama na fremu yake ya kupimia mkononi, ile ya chuma nzito yenye digrii zilizoandikwa kuzunguka kila jicho.

"Kwanza nimpime," alimwambia muuguzi. "Nimemwangalia tangu asubuhi. Anasoma kwa shingo."

Alinikalisha kitini, akanivika ile fremu, akaanza kutia lenzi na kuizungusha polepole kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. "Sema ikitulia," aliniambia. Ikatulia. Nilichokiona kwanza hakikuwa ile chati ya herufi. Kilikuwa wavu wa mbu wa dirishani, nyuma ya bega lake. Nilikuwa nimeutazama asubuhi nzima nikiamini una nyaya za kusimama tu.

"Kumbe kuna na za kulala," nilisema.

Mzee Barasa aligeuka akautazama wavu, akanigeukia mimi. Hakucheka. Aliandika: silinda nne, mhimili digrii ishirini. Halafu akanieleza kwa maneno ambayo nimeyatumia kwa wagonjwa mpaka juzi. Kioo cha mbele cha jicho, konea, kinatakiwa kiwe mviringo kama mpira. Changu kimeminywa kama yai. Mwanga ukipita, mistari ya upande mmoja inasomeka na ya upande mwingine inaota ukungu. Silinda ni ukubwa wa huko kuminywa, na mhimili ni pembe ambayo lenzi inapaswa kulala ili iunyooshe mwanga. "Vitabuni wanaita astigmatizimu," alisema. "Wewe iite jicho-yai ukitaka, mradi uvae miwani."

Miwani ilitoka Nairobi baada ya wiki tano. Asubuhi ya kwanza sakafu ilikuwa imeinama, ukuta ulinijia, na nilivuka barabara nikiinua miguu kama ninayepita kwenye maji ya magoti. Nilimrudishia Mzee Barasa nikamwambia amekosea. Alinirudishia puani.

"Ubongo wako umedanganywa miaka ishirini na mitatu. Upe wiki mbili."

Ilichukua siku tisa. Kwa hiyo ninyi vijana, mgonjwa wa silinda kubwa mwambieni habari ya sakafu kabla hajatoka mlangoni. Msipomwambia, miwani itaingia sandukuni chini ya nguo za Krismasi, na ninyi mtaitwa wajinga hadi Lokichar.

Niliendelea kuandika kadi, safari hii kwa usahihi, na mchana wagonjwa wakipungua Mzee Barasa alinifundisha kazi yake. Baadaye nilipelekwa chuo, lakini chuo kilikuta nimeshaharibiwa na yeye. Alinifundisha kurusha mwanga ndani ya mboni na kuusoma unaporudi, maana mwanga wa jicho-yai unarudi umekaa mshazari na hausemi uongo hata kama mgonjwa anakisia herufi. Alinifundisha kunyoosha fremu. "Miwani ya silinda si kofia," alikuwa akisema. "Ikikaa upande, lenzi imegeuka. Ikigeuka digrii kumi, umempa mtu miwani ya jirani yake." Ndiyo maana kila mgonjwa aliyenijia akilalamika, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumtazama usoni kwa mbali kuona kama miwani imenyooka. Nusu yao walikuwa wameilalia.

Na alinifundisha kuosha lenzi kwa maji kwanza. Upepo wa Lodwar una mchanga, na anayefuta lenzi kavu kwa pindo la shati anaisugua kwa msasa. Nimewaona watu wenye digrii mbili za chuo kikuu wakifanya hivyo.

Mzee Barasa alipostaafu, nilibaki peke yangu. Mkaguzi mmoja aliyekuja kututembelea aliniona na miwani yangu minene akauliza, kwa Kiingereza na kwa sauti ambayo ukumbi mzima ulisikia, itakuwaje mtu mwenye macho kama yale apime macho ya wengine. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba daktari wa kifua naye hukohoa. Hakuandika jibu hilo kwenye ripoti yake. Niliisoma.

Ndipo nikaanza safari za Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, mara mbili kwa mwezi. Huko nilimpata Abdirahman, dereva wa lori, Msomali aliyeishi Kakuma miaka mingi na kubeba mizigo kati ya huko na Lodwar. Alikuja na ombi fupi.

"Sista, nataka barua ya leseni tu. Andika macho iko sawa."

"Taa za magari unazionaje?"

"Zinaota miiba."

Nilimpima. Silinda tatu kila jicho. Nilimwambia barua nitaiandika siku atakayokuja amevaa miwani. Aliondoka kwa hasira, na mwezi mmoja hakunisalimia. Kisha akagonga tangi la maji lililosimama kando ya barabara mchana kweupe, bila mtu kuumia isipokuwa tangi. Alirudi, akapimwa, akavaa, akapata barua. Tangu hapo pakiti zangu za miwani kati ya Lodwar na Kakuma zilisafiri kwenye kabini yake, na hakuna hata moja iliyovunjika.

Sasa nafika kwa Mama Nsimire, ambaye ni sababu ya mimi kukubali kuandika.

Alikuwa fundi wa cherehani, mkimbizi kutoka Bukavu, umri wa miaka ishirini na sita au saba. Alishona vitenge chini ya turubai kwenye soko la kambini, na alikuwa hodari: magauni yake ya harusi yalivaliwa na Wakongo, Wasudani na hata binti zetu wa Kiturkana. Alikaa kwenye kiti changu akifikicha macho kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu, kama anayekanda unga.

"Docta, minaona sindano mbili, moja iko juu ya ingine. Uzi haiingii. Na macho inaniwasha asubuhi mpaka mangaribi."

"Ukifikicha unapata nafuu?"

"Muzuri sana. Kidogo tu, halafu inarudia."

Nilimpima. Jicho la kulia silinda tano, la kushoto tatu na nusu. Alikuwa na karatasi ya mwaka uliotangulia, na hapo la kulia lilikuwa tatu na la kushoto mbili. Nilimweleza kwamba konea ni laini, na kwamba anayeifikicha kila siku anaipunguza unene, mpaka inachomoza mbele na jicho-yai linazidi kuwa yai. Nilimfundisha kukunja kitambaa safi kilicholowa maji baridi na kukilaza juu ya kope badala ya kufikicha. Nilimwambia avae kofia pana na afunge turubai upande wa upepo. Nikajaza fomu ya kuagiza miwani yake, nikamwita anayefuata. Foleni ilikuwa imefika getini.

Sikumuuliza anatia nini machoni.

Baada ya miezi miwili, miwani yake bado haijafika, lilikuja shirika moja kutoka Nairobi na katoni za miwani za msaada. Jina la shirika halina faida hapa. Afisa wake alikuwa kijana mstaarabu, na nitamwita Bwana Kevin kwa sababu si jina lake. Zile zilikuwa miwani zilizotengenezwa tayari, lenzi sawa kulia na kushoto, hazina silinda hata chembe. Sina ugomvi nazo. Nimezigawa mwenyewe kwa wazee ambao mikono yao imekuwa mifupi kwa kusoma Biblia na Kurani, na wamenibariki. Lakini kumpa mwenye jicho-yai miwani ile ni kumpa kiatu cha mguu mwingine na kumpigia makofi atembee.

Tulikubaliana na Bwana Kevin kwamba nitapima, na kadi nitakayoipiga alama nyekundu, mwenye kadi hatapewa miwani ya katoni, atasubiri ya kwake. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili, kufikia saa sita mchana, katoni bado zilikuwa nyingi na gari la kurudi lilikuwa limeshawashwa. Nilitoka nje kunywa maji. Nikamkuta Mama Nsimire amesimamishwa mbele ya bango la mradi, amevaa miwani ya katoni, anapigwa picha. Alikuwa anatabasamu. Kichwa alikuwa amekiinamisha upande.

Kichwa kile nilikijua. Nilikuwa nacho miaka ishirini na mitatu.

"Mama Nsimire, unaonaje?"

"Iko muzuri, docta." Kisha akashusha sauti. "Haionyeshi kitu. Lakini iko ya bure."

Nilimvua ile miwani nikamrudishia Bwana Kevin mkononi.

"Madam, tafadhali," alisema. "Watu wanaangalia."

"Kadi yake ina alama nyekundu."

"Tumeacha kufuata alama. Hatutamaliza. Na si afadhali apate hii kuliko kukosa?"

"Afadhali akose. Akikosa, atarudi kwangu. Akipata hii, kila mahali ataandikwa kwamba ana miwani, na mlango utafungwa. Wewe utabaki na picha, yeye atabaki na sindano mbili."

"Madam, mimi nina tageti."

"Keti hapo," nilimwambia.

Sijui kwa nini aliketi. Nadhani mama yake alimlea vizuri. Nilimvika fremu ya kupimia na kumtilia silinda nne, yaani nilimpa macho yangu. Nikamwambia asome bango lake mwenyewe, ambalo lilikuwa na herufi kubwa kama za duka la jumla. Alijaribu. Alibana kope. Aliinamisha kichwa. Nikachukua ile miwani ya katoni nikamwekea juu ya fremu.

"Na sasa?"

"Haijabadilika," alisema polepole.

"Basi kaa nayo mpaka jioni uandikie ripoti."

Foleni ilicheka, kwa lugha tano. Leo, nikiwa nimetulia, najua sikupaswa kumwaibisha mtu mbele ya watu. Nimejaribu kujuta. Nimefika kama nusu.

Alivua fremu, akafuta jasho. "Nitaandika kwa wakubwa wako."

"Andika. Jina langu ni herufi nne tu, hutachoka."

Mama Nsimire alidhani hasira yangu inamhusu yeye. Alinishika mkono, akafungua fundo la kitenge chake kiunoni, akatoa kichupa kidogo cha plastiki, lebo yake imefutika nusu.

"Docta, usikasirike. Ata bila lineti, hii miwani, niko na dawa yangu. Nikitia, inatulia kabisa."

Nilikisoma kile kichupa mara mbili. Ilikuwa dawa ya steroidi, ya matone, ambayo daktari huitoa kwa siku chache na kumfuatilia mgonjwa. Yeye alikuwa anainunua dukani kama peremende.

"Unatia tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Kila siku. Mara tatu, mara ine."

Dawa ile inatuliza muwasho vizuri sana, na hapo ndipo mtego ulipo. Kwa watu wengine, inatuliza muwasho huku inapandisha presha ndani ya jicho, kimyakimya, bila maumivu, na presha inakula mshipa wa kuonea kuanzia pembeni. Mgonjwa anaendelea kuona katikati, kwa hiyo hajui.

Nilimwambia afunike jicho la kushoto na aniangalie puani. Nikanyoosha mkono wangu pembeni kabisa, upande wake wa kulia, nikawa nachezesha kidole huku nakileta karibu.

"Niambie ukikiona kidole."

"Kidole gani?" aliuliza.

Nilikuwa nimeshakifikisha karibu na shavu lake. Foleni iliacha kucheka. Bwana Kevin alikuwa amesimama nyuma yangu. Nasema hili kwa haki yake: ni yeye aliyekimbia kuzungumza na ofisi ya kambi ili Mama Nsimire apate kibali cha kutoka siku ileile, na Kiingereza chake kilifungua mlango ambao changu kingebisha mpaka jioni.

Tulikwenda Lodwar kwenye kabini ya Abdirahman, sisi watatu tumebanana. Daktari wa macho alimpima presha. Jicho la kulia lilikuwa na zaidi ya mara mbili ya inayotakiwa. La kushoto lilikuwa limeanza kupanda lakini mshipa wake ulikuwa salama. Alimwachisha ile dawa kwa utaratibu, akampa matone ya kushusha presha na mengine ya muwasho yasiyo na madhara hayo. Kisha akamweleza, mimi nikitafsiri Kiswahili cha Lodwar kwenda Kiswahili cha Bukavu kadiri nilivyoweza, kwamba kilichokwisha kupotea pembeni mwa jicho la kulia hakitarudi.

Mama Nsimire alikaa kwenye benchi la ukumbini. Mikono yake ilitaka kwenda machoni, akaikalia.

"Docta," aliniambia, "ile siku ya kwanza nilikuja kwako, dawa ilikuwa humu kwa kitenge. Ulijua?"

Ningeweza kumwambia habari ya foleni. "Sikujua, kwa sababu sikukuuliza. Kuuliza ilikuwa kazi yangu."

Nilitaka anitukane.

"Basi uliza batu bengine," alisema.

Baada ya wiki mbili nililetewa barua ya wakubwa ya kunitaka nijieleze. Nilituhumiwa kuvuruga shughuli ya mfadhili, kumdhalilisha afisa na kumnyang'anya mgonjwa miwani. Nilipewa siku saba. Nilijibu siku hiyohiyo, kwa ukurasa mmoja. Niliandika kwamba ndiyo, nilimvua miwani, na ndiyo, nilimkalisha afisa kitini. Kosa ambalo barua yenu haikulitaja, niliandika, ni kwamba miezi miwili kabla ya hapo nilimruhusu mgonjwa huyo aondoke bila kumuuliza anatia nini machoni; hilo ni langu na nalikiri. Hayo mengine nitayarudia kesho mkinipa gari.

Mkuu wangu, mwanamke mwema aliyeogopa simu za kutoka juu, aliniomba nifute sentensi ya mwisho.

"Arot, dada yangu, ifute tu. Ukiifuta, watakusahau mapema."

"Ndiyo maana naiacha."

Nilizuiwa kwenda Kakuma miezi minne. Miwani ya Mama Nsimire ilipofika Lodwar nilimpa Abdirahman, nikamfundisha namna ya kumvika na kutazama kama imenyooka puani. Jioni alinipigia simu kutoka sokoni.

"Sista, huyu mama anasema meza ya cherehani imelala upande."

"Mwambie siku tisa."

Nikamsikia akimwambia, na nikasikia mama akicheka na kusema maneno fulani ambayo Abdirahman alikataa kunitajia.

Miezi ile minne sikuipoteza. Nilibandika kwenye mlango wa chumba changu karatasi yenye maneno matano, kwa Kiswahili na kwa Kiturkana: WEKA MEZANI KILA UNACHOTIA MACHONI. Mgonjwa haketi kabla hajaweka. Wiki ya kwanza meza ilijaa. Kulikuwa na maziwa ya ngamia, chai ya rangi, asali, majani yaliyotafunwa, na dawa ya kupulizia vidonda vya mbuzi, ambayo mzee mmoja wa Namoruputh aliitetea kwa dakika ishirini kwa sababu mbuzi wake wote walikuwa wanaona. Wenzangu waliniuliza kama nimefungua kioski. Wiki ya tatu mwalimu mmoja wa Kanamkemer, mwenye silinda tatu na tabia ya kufikicha, aliweka vichupa vitatu vya dawa ileile ya Mama Nsimire. Alikuwa ametumia mwezi na nusu. Presha yake ilikuwa ndiyo kwanza inapanda. Tulimwahi. Yule mwalimu hajui kwa nini nilimshika mkono muda mrefu vile, na sikumwambia.

Niliporudi Kakuma nilimkuta Mama Nsimire kazini. Alikuwa ameihamisha cherehani yake ili mlango wa turubai uwe kushoto kwake, upande anaoona mtu akiingia. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano bila kubana kope. Mteja akifikicha macho mbele yake, alimpiga kofi mkononi, hata awe nani. Nilimwona akimpiga padri. Aliniuliza maswali matatu: kama nimefukuzwa, kama nimeolewa, na kama nauliza watu. La tatu nilimjibu ndiyo.

Katoni bado zinakuja. Mashirika mengine siku hizi huuliza kwanza, na huagiza lenzi za silinda kwa wanaozihitaji. Mengine bado huja na bango na gari lililowashwa. Sikuwashinda, na ninyi huenda msiwashinde. Mkikuta kadi zenu nyekundu hazifuatwi, simameni mbele ya katoni, na wakiwaandikia barua mjibu kwa ukurasa mmoja.

Na kwa wale wenu mnaopima mkiwa na macho kama yangu: pimweni kila mwaka, hata mkijua namba zenu kwa kichwa. Mimi nilijipima kila Januari. Mwaka huu namba ya jicho la kushoto ilikataa kutulia, nikazungusha lenzi mpaka mkono ukachoka. Nilijua ni nini kabla sijaambiwa. Ni mtoto wa jicho.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona daktari mgeni anayekuja kufanya upasuaji. Ni kijana mzuri, ana haraka. Alinimulika, akaandika, akaniambia, "Mama, tutatoa hiyo, tutaweka lenzi mpya ndani, na hii miwani minene utaitupa."

"Lenzi utakayoweka ina silinda?"

Aliinua kichwa. "Ya kawaida tu, mama."

"Basi haitanyoosha konea yangu, na miwani sitaitupa. Usiniahidi. Konea umeipima?"

"Imepimwa na mashine."

"Imesemaje?"

Alipekua karatasi, akageuza ya juu kuwa ya chini. "Mama, hayo mambo ya ndani sana. Usijisumbue nayo. Kuna watu wengi nje."

Nikamwambia najua foleni ilivyo, nimeitazama kutoka upande wake wa meza maisha yangu yote. Nikaweka mkoba wangu chini, nikavuta kiti mbele ya mashine, nikaweka kidevu changu pale pa kuwekea kidevu. Nikamngoja. Alisimama kidogo, akatazama mlango, akatazama saa, kisha akazima taa ya chumba na kukaa upande wa pili wa mashine.

"Silinda nne na robo," alisema baada ya kupima.

"Na mhimili?" nikamuuliza.